Doom ya 1993 au Half-Life ya 1998: uanze na ipi kama hujawahi kugusa gemu ya kushuti ya zamani?

Kama umekulia kwenye COD Mobile, PUBG au Free Fire na sasa umepata laptopu, hata ile ya mtumba isiyo na kadi ya grafiksi, afu ukataka kujua hizi gemu za kushuti zilianzia wapi, majina mawili ndo utayasikia sana. Doom na Half-Life. Zote zinacheza kwenye mashine dhaifu, zote bei zake hazitishi, na zote mpaka leo watu wanazicheza kwa mapenzi kabisa. Ila ni gemu mbili tofauti mno na ukianza na isiyokufaa unaweza ukafunga baada ya nusu saa ukasema za zamani zote ni mbovu, kitu ambacho kinaniuma sana nikikisikia.

Jibu langu nalitoa mapema. Anza na Doom, kipande cha kwanza tu, yaani zile levo za mwanzo, afu uende Half-Life. Wengi wanashauri kinyume, wanasema Half-Life imetoka miaka mitano baadae kwaiyo iko karibu zaidi na gemu za leo na itakua nyepesi kuizoea. Mimi naona huo ukaribu ndo tatizo lenyewe, na ile kongwe zaidi ndo rahisi zaidi kuingia. Kuna watu nawaambia waruke Doom kabisa, nao nitawataja huko chini.

Mikono yako imezoea nini

Gemu za leo zimekufundisha vitu bila wewe kujua. Ukipigwa unajificha, na kwenye nyingi laifu inarudi yenyewe. Ukitaka kulenga unaleta bunduki kwenye jicho, magazini ikiisha unarilodi, na kuna kialama kwenye skrini kinakuonyesha pa kwenda. Doom haina hata kimoja. Hakuna kurilodi, hakuna kulenga kwa jicho, laifu hairudi mpaka uokote dawa, na ukijificha nyuma ya nguzo unajichelewesha tu. Ndani ya dakika tano ubongo unakubali kwamba hapa ni pengine, unaacha mazoea yote mlangoni na unaanza upya.

Half-Life inakudanganya, na simaanishi kwa ubaya. Inakaa kama gemu ya leo, unarilodi, unachuchumaa, unaruka, unapanda ngazi, watu wanakuongelesha, kwaiyo mikono inajiachia na kutegemea mengine yote yawepo. Afu hayapo. Hakuna kitufe cha kukimbia kwa kasi, hakuna kulenga kwa jicho kwenye bunduki za kawaida, laifu unaipata kwenye mashine za ukutani na maboksi ya dawa, na hakuna mshale wa kukuelekeza. Mchezaji mpya anakufa palepale mara kwa mara akidhani anacheza vibaya wakati anachofanya ni kucheza gemu nyingine kabisa ndani ya hii. Ukipita Doom kwanza haya yanakua yameshakutoka, unaingia Half-Life mikono iko huru.

Afu Doom yenyewe vitu vya kujifunza ni vichache mno. Kwenye toleo la asili huruki, huchuchumai, hata kuangalia juu na chini hakuna. Adui akiwa juu ya ukuta unaelekeza bunduki upande wake tu na risasi inapanda yenyewe. Ukianguka kutoka juu huumii. Kinachobaki ni mwendo, na mwendo wenyewe ni wa kasi ambayo gemu nyingi za leo hazina, unateleza pembeni huku unapiga, unazunguka adui, unatoka, unarudi.

Utamu uko kwenye kuchagua umpige nani kwanza. Yule wa kahawia mwenye miiba anarusha moto, unauona ukija, hatua moja pembeni umeukwepa. Lakini yale mazombi yenye bunduki risasi zao zinafika papohapo, hazikwepeki, kwaiyo hao unawamaliza kwanza hata kama yule wa moto ndo anatisha zaidi kwa sura. Lile lenye shotgani usilipe nafasi hata kidogo. Halafu kuna siri ambayo ukiishaijua gemu inabadilika, maadui wa aina tofauti wakipigana kwa bahati mbaya wanageukiana, kwaiyo unaweza ukajiweka katikati, ukakwepa moto ukampata mwenzie, ukasimama pembeni ukawaacha wamalizane wenyewe. Ongeza yale mapipa yanayolipuka. Hakuna mtu anayekufundisha haya kwa maandishi, unayagundua, na levo za mwanzo zimepangwa ili uyagundue.

Half-Life kwenye mikono ina mzigo mkubwa zaidi. Kuna kuruka ukiwa umechuchumaa ili uingie sehemu ya juu kidogo, ni vitufe viwili kwa pamoja na vina muda wake. Ngazi zake zinakera, unashika unateleza, na hapa ukianguka unaumia kweli, sehemu zingine unakufa. Lakini mapigano yake yakishafika yale ya wanajeshi aisee. Ni sura ya "We've Got Hostiles", wanajeshi wanashuka kuja kufuta ushahidi wa jaribio lililoharibika (stori yake iko huko chini), na hao hawasimami wakusubiri. Wanaongea kwa redio, wanasogea kwa kikundi, ukikaa sana nyuma ya boksi wanakutupia bomu utoke. Mwaka 1998 watu walishangaa, na mimi naona mpaka leo kuna gemu mpya ambazo maadui wake hawafikii hapo.

Unajuaje uende wapi

Hapa ndo watu wengi wanakwama kwenye zote mbili, ila wanakwama kwa namna tofauti.

Doom ni funguo na milango. Kuna nyekundu, njano na bluu, unatafuta ufunguo, unarudi kwenye mlango wa rangi hiyo, mwisho unatafuta swichi ya kutokea. Bonyeza Tab ramani inafunguka, na hiyo ramani ni rafiki yako, itumie bila aibu. Kwenye kipande cha kwanza, Knee-Deep in the Dead, levo nyingi zimejengwa na John Romero, mmoja wa waliotengeneza Doom, na ukitulia utaona jinsi alivyofikiri. Anakuonyesha sehemu kupitia dirishani kabla hujajua jinsi ya kufika. Levo ya kwanza kabisa kuna uwanja wa nje unauona na ile deraya ya bluu imekaa pale inakuita, na njia ya kuifikia imefichwa, wengine wanamaliza levo bila kuigusa. Kuna kuta za siri kibao, ukiona ukuta una rangi tofauti kidogo na wenzake bonyeza uone.

Ubaya ni kwamba vipande vya pili na vya tatu baadhi ya levo zinachanganya kweli, unazunguka dakika kumi hakuna adui hata mmoja aliebaki unatafuta swichi tu. Ndo maana nasema kipande cha kwanza kinatosha kwa kuanzia. Ni levo nane na moja ya siri, kila moja mtu mpya anaimaliza kwa dakika kumi mpaka ishirini hivi, unacheza moja usiku unalala.

Half-Life njia ni moja, huwezi kupotea sana kwa maana ya ramani, ila inakuuliza maswali. Umeme hauwaki, nani auwashe? Mlango umefungwa, nani mwenye uwezo wa kuufungua? Kuna walinzi na wanasayansi wanaofungua milango fulani na ukimuua yule unaemhitaji gemu inakwisha hapo unarudishwa nyuma. Sura moja naipenda kuliko zote, Blast Pit. Ndani ya shimo kubwa kuna minyiri mitatu mikubwa yenye mdomo wa kugonga, haioni kabisa, inasikia tu. Ukikimbia umekufa. Unatembea polepole umechuchumaa, unatupa bomu upande mwingine ili igonge kule huku wewe unapita huku, afu unapaswa kuwasha mafuta, oksijeni na umeme ili injini ya roketi iliyo juu yake iiunguze. Hakuna mtu anaekupa orodha ya kazi, mazingira yenyewe yanakueleza. Kama wewe ni mtu wa kupenda kutegua mambo, sura hii moja inatosha kukufanya uanze na Half-Life na nisikulaumu.

Upande wa pili kuna On A Rail, ya vitreni na swichi za reli, ambayo inachosha na watu wengi wanapotea. Na zile sura za mwisho ukishafika Xen, ile dunia ya viumbe wageni, kuruka kutoka jiwe hadi jiwe angani, ubora unashuka, na mashabiki wengi wa gemu hii wanakubali hilo.

Stori

Kwa Doom hili ni fupi, uko kwenye mwezi wa Mars, mashetani wametoka, piga. Ndo hiyo.

Half-Life ndo nyumba ya stori. Wewe ni Gordon Freeman, mwanasayansi, unaingia kazini kwa treni ndani ya kituo cha utafiti cha Black Mesa huko New Mexico, Marekani, na ile safari ya treni ni dakika kadhaa nzima huna cha kufanya zaidi ya kuangalia nje. Unaona roboti zikibeba mizigo, mlinzi anagonga mlango, wafanyakazi wanaendelea na yao. Baadae jaribio linaharibika na hapo hapo huna hata bunduki, unakuja kuokota mtarimbo kwanza. Kitu walichofanya Valve, na hiyo ndo ilikua gemu yao ya kwanza kabisa, ni kwamba kamera haitoki machoni mwako hata mara moja. Hakuna filamu katikati, mtu anakuongelesha wewe unaweza kuzunguka, ukamwacha ukaenda. Kama mwanzo wa taratibu unakuboa, jua hilo kabla hujaanza. Ila kama unapenda kuhisi uko mahali, kwamba jengo lina ofisi na vyoo na watu waliokua na siku ya kawaida mpaka saa ile, hakuna gemu ya enzi hizo inayokaribia.

Lugha nayo ni jambo la kufikiria. Doom hata mtu asiejua Kiingereza neno moja anacheza mpaka mwisho. Half-Life wanasayansi wanaongea haraka na kuna vidokezo ndani ya maneno yao, utaelewa mengi kwa macho lakini sio yote.

Macho

Ungetegemea ya 1998 iwe nzuri zaidi kwa kuangalia. Sivyo, au tuseme inategemea. Doom ilikua skrini ya nukta 320 kwa 200, kila adui ni picha tu sio umbo, na baadhi ya yale mazimwi yalifinyangwa kwa udongo kwanza afu yakapigwa picha yakaingizwa kwenye kompyuta. Ndo maana mpaka leo yana sura, yana uzito. Half-Life ni maumbo ya kweli ya pande tatu lakini ya enzi za mwanzo, nyuso zimekaa kimraba, mikono kama imekatwa kwa panga. Utazoea baada ya saa moja. Sauti kwenye Half-Life lakini ni kitu kingine, mwangwi unabadilika kulingana na chumba ulichopo, na muziki unakuja mara chache tu kwaiyo ukija unashtuka. Doom muziki haunyamazi, na kwenye levo kadhaa ni gitaa zito.

Kama huwa unapata kizunguzungu na gemu za kushuti, kuwa mwangalifu na Doom, kasi ile na kichwa kinavyopanda na kushuka ukikimbia vinaweza kukusumbua. Matoleo mengi ya leo yana setingi ya kupunguza huko kuyumba, na upana wa kuona unaongezeka pia. Ikiendelea kukusumbua baada ya hapo, basi wewe ni mtu wa Half-Life.

Mashine, bando na hela

Doom ilitengenezwa kwa kompyuta za kale zenye prosesa ya 386 na megabaiti 4 za RAM. Kwaiyo usiniulize kama laptopu yako itaweza. Faili lenye levo zote ni kama megabaiti 12, na kile kipande cha kwanza ni karibu megabaiti 4 tu, na hicho kipande kiligawiwa bure tangu Desemba 1993 na mpaka leo ni halali kukipata bure. Yaani picha kadhaa za WhatsApp na umepata moja ya gemu kubwa kuwahi kutokea. Mwaka 1997 id Software, kampuni iliyotengeneza Doom, wakaachia na kodi (code) ya programu yenyewe, ndo maana kuna programu kama GZDoom na Chocolate Doom zinazoichezesha kwenye kompyuta za leo bila shida. Ukitaka bure kabisa kuna Freedoom pia, ina maadui na levo zake na haidai faili la gemu ya asili, ila kwa mara ya kwanza nakushauri ile yenyewe.

Ukitaka kununua, mwaka 2024 walitoa Doom + Doom II kwa pamoja, ina nyongeza kibao na unaweza kucheza na wenzako. Na hii ya kucheza na wenzako ni ya tangu mwanzo, levo zilezile za stori mnaingia mpaka wanne mkasaidiana. Half-Life stori yake ni ya mtu mmoja. Mkiwa nyumbani ndugu wawili watatu mnaotaka kucheza pamoja, hapo Doom imeshashinda.

Half-Life ni mamia ya megabaiti, bado ni kidogo ukilinganisha na gemu za leo za gigabaiti 100. Novemba 2023, ilipotimiza miaka 25, Valve waliisafisha, ikakubali skrini pana na pedi ya kuchezea gemu, wakaongeza na Uplink, ile demo ya 1999 ambayo ni fupi na nzuri ya kujipima. Bei ya kawaida ya zote mbili haifiki dola 10 na zikishushwa zinashuka sana, kwaiyo kama hauna haraka subiri punguzo.

Na kama uliwahi kukaa saiba ukicheza Counter-Strike 1.6 basi Half-Life unaijua tayari kwa mikono, kwasababu Counter-Strike ilianza kama gemu ya mashabiki iliyojengwa juu ya Half-Life mwaka 1999. Mwendo ule, kuruka kule, unavyohisi bunduki, ni familia moja. Wewe hata usihangaike na ushauri wangu wa kuanza Doom, nenda moja kwa moja.

Nyumbani

Hili watu hawalisemi na linafaa kusemwa. Doom imejaa alama za kuzimu, nyota za kishetani ukutani, misalaba iliyogeuzwa, miili iliyotundikwa. Kama unaishi na wazazi au unacheza sebuleni na kuna wadogo zako au watu wa dini, fikiria hilo kabla. Half-Life nayo ina damu na wanasayansi wanalia kwa hofu, sio gemu ya watoto, lakini haina hayo mambo ya kuzimu. Mtu yeyote ambae hayo yanamsumbua moyoni hana sababu ya kujilazimisha Doom eti kwasababu ni historia. Aende Half-Life na moyo mweupe.

Na Black Mesa je?

Utaambiwa acha Half-Life ya zamani, cheza Black Mesa, ile iliyotengenezwa upya na mashabiki na ikakamilika 2020. Ni kazi nzuri mno, na ile Xen waliijenga upya kabisa na kuikuza. Lakini inataka mashine ya maana, na kama lengo lako ni kuonja ya zamani basi hiyo sio ya zamani. Icheze ya pili, utaifurahia mara mbili kwasababu utajua walichobadilisha.

Ukishachagua

Doom, cheza kwenye Hurt Me Plenty, ambayo ni ya tatu kati ya tano, ikikuzidi shuka hakuna anaekuhesabia. Usicheze ile ya asili ya DOS (mfumo wa kompyuta wa zamani) kwa mausi, kule ukisukuma mausi mbele mtu wako anatembea mbele, utachanganyikiwa bure. Ukifa bila kusevu unaanza levo na bastola na risasi 50, kwaiyo sevu unapomaliza sehemu ngumu, lakini sio kila sekunde, maana ile hofu ya kuingia chumba kipya na laifu 30 ni nusu ya raha yenyewe.

Half-Life anza na Hazard Course, ile ya mazoezi iko kwenye menyu ya mwanzo. Usiiruke. Rudia pale pa kuruka umechuchumaa mpaka vidole vifanye vyenyewe. Kusevu haraka ni F6 na kurudi ni F7, na hapa nakusihi usitegemee hiyo pekee, kwasababu unaweza ukabonyeza F6 ukiwa na laifu 4 na bomu liko miguuni, na kila ukirudi unakufa. Kila sura mpya inapoanza fungua menyu uweke sevu yake ya peke yake, hata ukiharibu kabisa unapoteza dakika chache tu na sio jioni nzima.